Mwache Mtu Mmoja Atangulie

Tarehe 9 Januari

Mdogo wangu Bwana Hesabu,

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Najijibu mwenyewe, maana ukipiga simu huwa unaanza na "sikiliza Dada," na mimi nimechoka kusikiliza. Ndiyo sababu naandika. Simu unaweza kuikata, kama ulivyonikatia Jumapili. Barua, hata ukiichana, utakuwa umeshaisoma.

Huku tu wazima wa kutosha kugombana. Shemeji yako amepata kazi ya ulinzi kwenye ghala la saruji, anarudi jioni mweupe nyusi mpaka viatu. Wapwa zako wamefungua shule, na yule wa kati amevunja dirisha la mwalimu mkuu siku ya kwanza. Baba bado anaamka kabla ya watu wote na kufagia uwanja ambao hakuna aliyemwomba aufagie. Ana kidonda kidogo chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia, kiatu kilimbana. Nakisafisha mwenyewe jioni.

Sasa jambo lenyewe, yaani hizo bahasha zenu. Mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda mguuni akikubali kuingia kwenye utafiti wenu, tunafungua bahasha inayofuata sandukuni. Ndani kuna karatasi: bandeji mpya yenye dawa, au bandeji ya kawaida. Wewe uko ofisini, unaona hiyo ni haki. Mimi niliye chumba cha vidonda ndiye ninayetukanwa. Juzi mama mmoja muuza mkaa alipata ya kawaida, na aliyemfuata, mwalimu mstaafu mwenye saa ya dhahabu, akapata mpya. Yule mama akanitazama mbele ya benchi zima akasema, "Mwenye saa kaonekana." Nilijieleza mpaka mate yakanikauka. Aliondoka ameufunga mguu kwa kitambaa chake cha kichwa, na mpaka leo hajarudi.

Kwa nini tusiende kwa siku? Jumatatu na Jumatano bandeji mpya, Jumanne na Alhamisi ya kawaida. Kila mtu ataona kwa macho yake kwamba hakuna aliyependelewa. Au tuwape mpya wale walio hoi, kama watu wenye akili timamu. Nijibu kwa maandishi, na usinitumie tena yale makaratasi yenu ambayo hata aliyeyaandika hayaelewi.

Dada yako

*

Tarehe 27 Januari

Dada,

Shikamoo. Nimeiweka juu kabisa usije ukaikosa.

Sisi wazima. Wifi yako anakusalimu na anauliza kama ulipata zile nguo za watoto, maana hukusema ahsante. Mtoto anaota meno, nyumba nzima tunakesha naye. Ukuta wa chumbani unatoka maji na mwenye nyumba anasema ni jasho letu.

Kuhusu siku: hapana. Ukijua Jumatatu ni bandeji mpya, mgonjwa unayemwonea huruma akija Jumanne utamwambia arudi kesho yake. Usikatae, nakufahamu. Ndiwe uliyekuwa unatoa nyama chunguni umpe paka, halafu tunapigwa wote. Baada ya miezi sita upande mmoja utakuwa na wagonjwa mliowapenda na upande wa pili wale mliowachoka, na tutakuwa tumepima mapenzi yenu, si bandeji. Kuhusu walio hoi: hapana vilevile. Hao ndio watakaokatwa miguu kwa wingi, hata ukiwafunga kwa hariri, na bandeji mpya itaonekana mbovu hata kama ni nzuri. Na hatujui kama ni nzuri, Dada. Hilo ndilo mnalogoma kulielewa huko. Tungekuwa tunajua, tusingepiga kura.

Kompyuta ndiyo inayopanga. Inapanga kwa mafungu ya watu wanne na ya watu sita, yamechanganywa, ili pande mbili zisipishane sana na ninyi msiweze kukisia. Anayejua bahasha inayofuata ni mtu mmoja tu, mimi, kwa kuwa ndiye niliyezifunga. Na mimi niko mbali, tena sina mgonjwa huko. Haki ndiyo hiyo. Mwambie huyo muuza mkaa.

Halafu "kidonda kidogo" maana yake nini? Wewe ni muuguzi wa vidonda. Kina upana gani? Kina usaha? Baba ana kisukari, na wewe unaniandikia kidonda chake kama unaniandikia kwamba jana kulinyesha.

Mdogo wako

*

Tarehe 12 Februari

Bwana Hesabu,

Marahaba. Nguo nilizipata. Zilikuwa ndogo, nikawapa jirani. Ahsante.

Umenifundisha kazi yangu na bado sijafa. Paka yule alikuwa ananyonyesha. Wewe unamlea Baba kwa kalamu. Anayemkata kucha ni mimi, anayemfulia ni mimi, anayemsikiliza akisimulia kisa kilekile cha treni iliyomwacha ni mimi. Ukitaka kujua upana wa kidonda, panda gari uje na rula.

Lakini nitakuambia. Kimefika upana wa kifuniko cha soda na kimeanza kunuka. Nilikuwa nakisafisha vizuri na kimenishinda, ndivyo ilivyo. Daktari amekiona. Kinafaa kuingia kwenye utafiti wenu. Nilimkalisha Baba chini nikamweleza kila kitu, neno kwa neno kama mlivyotuagiza: kwamba ni kura, kwamba anaweza kupata ya kawaida, kwamba akikataa bado atatibiwa kama watu wengine. Akauliza ni nani anayepiga hiyo kura. Nikamwambia ni kompyuta ya mwanao. Alivimba kifua, shati likabaki kidogo lipasuke. "Niandike," akasema.

Bandeji mpya zimetuishia, na daktari amekataza tusimwandike mgonjwa yeyote mpaka gari lenu lilete nyingine. Wamesema litafika tarehe 25, Jumanne. Siku hiyo ndipo Baba atakuja. Mimi sitaigusa bahasha yake. Atafungua mwenzangu wa chumba cha sindano, nami nitakaa nje. Nakuambia mapema usije ukaanza.

Dada yako

*

Tarehe 17 Februari

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima.

Simu zangu hupokei, kwa hiyo barua hii nimempa kondakta wa basi la usiku ili ikuwahi. Baba akija Jumanne, msimfanye wa kwanza. Mwache mtu mmoja atangulie. Mmoja tu, halafu yeye. Ni kwa heshima yako mwenyewe. Hutaki isemwe kwamba muuguzi kamtanguliza baba yake, hasa baada ya yale ya muuza mkaa.

Usinijibu. Fanya tu hivyo.

Mdogo wako

*

Tarehe 8 Machi

Mdogo wangu,

Shemeji yako amepandishwa cheo, sasa analinda ghala akiwa na filimbi. Yule wa kati amelipa dirisha kwa kufyeka nyasi za shule nzima. Mimi nina mafua.

Kibarua chako ulichompa kondakta kilinifikia, na bado kimenikaa kooni. Nimefanya kazi kwenye chumba kile tangu wewe unavaa kaptula. Sijawahi kumpitisha mtu mlango wa nyuma, si jirani, si mume wangu alipochomwa na msumari, ambaye alikaa kwenye foleni akilaani mpaka zamu yake ikafika. Na wewe unaniandikia kuhusu heshima yangu! Umekaa huko kwenye kiti cha kuzunguka, unaniwazia mimi wizi wa zamu.

Basi nikueleze ilivyokuwa. Baba alitoka nyumbani giza halijaisha. Alifika kliniki kabla ya mfagizi, akakaa mwanzo wa benchi. Baada yake alikuja fundi viatu wa sokoni, yule mwenye kicheko cha kuamsha watoto, naye ana kidonda kisiginoni. Wakapiga soga kama waliosoma darasa moja. Mwenzangu alipochungulia na kuita, "Wa kwanza," nilikuwa nimesimama dirishani na kibarua chako mfukoni. Nikasema moyoni, hapana. Baba hapewi nafasi kwa sababu ni baba yangu, na hanyang'anywi nafasi kwa sababu ni baba yangu. Alifika wa kwanza, akaingia wa kwanza.

Alipata ya kawaida. Fundi viatu akapata mpya. Baba alitoka anachechemea na kucheka, akamwambia, "Mwenzangu umeokota," na fundi akacheka mpaka sista wa zamu akatoka kuwanyamazisha.

Ndiyo hivyo. Kasirika ukipenda.

Dada yako

*

Tarehe 19 Aprili

Mdogo wangu,

Leo sina salamu.

Kidonda kiliingia mfupani. Kwanza waliondoa kidole, haikusaidia. Jumatano wamemkata mguu wa kulia chini ya goti. Alipozinduka alitazama jinsi shuka lilivyolala bapa upande ule, kisha akaomba chai.

Anakuulizia. Njoo, hata kwa siku mbili.

Dada

*

Tarehe 3 Mei

Dada,

Nilikuambia mtu mmoja atangulie. Mmoja!

Nilikuomba jambo gani maishani mwangu? Sijakuomba fedha, sijakuomba uninyooshee nguo, sijakuomba hata unisifu. Nilikuomba umwache mtu mmoja aingie mlangoni kabla ya Baba. Dakika chache tu za benchi. Lakini wewe hapana, wewe lazima usimame dirishani ujitolee hotuba moyoni. Kiburi chako kimemla Baba mguu. Nalisema hivyo hivyo na sitalipaka sukari. Tangu utotoni ukiambiwa kulia unakwenda kushoto, si kwa kuwa kushoto kuzuri, ila kwa kuwa aliyesema kulia ni mimi.

Na yuko wapi huyo fundi viatu? Anatembea? Anacheka bado?

Siji. Nikija nitatamka maneno ambayo hayatarudi mdomoni. Mwambie Baba nina kazi nyingi.

*

Tarehe 15 Mei

Mdogo wangu,

Hukuniamkia, na hukutia sahihi. Nimeyaona yote mawili.

Baba ametoka hospitali. Tumemhamishia chumba cha mbele kwa sababu kile chake kina ngazi. Shemeji yako amemtengenezea fimbo mbili za kutembelea kwa mbao za ghala, moja ndefu kuliko mwenzake, na Baba amemtukana mpaka akazikata upya. Usiku analalamika kwamba kidole gumba kinamwasha, kidole ambacho hanacho. Nimemwambia una kazi nyingi. Amesema, "Ndiyo, utafiti si mchezo." Nikatoka nje.

Fundi viatu anatembea. Kidonda chake kimefunga.

Nililia kwa ajili ya barua yako siku mbili, nikiamini kila neno. Siku ya tatu nilikuwa nafua bandeji, ghafla mikono ikasimama. Mtu anayejali heshima ya dada yake hawezi kupiga kelele hivi kwa sababu ya nani aliinuka kwanza benchini. Ningemwacha fundi atangulie, Baba angepata bahasha nyingine. Mimi sikujua ndani yake kuna nini. Mwenzangu hakujua. Kuna mtu mmoja tu, uliniandikia mwenyewe kwa majivuno, na ulisema huyo mtu hana mgonjwa huku.

Nakuuliza, na nataka neno moja. Ulijua?

Dada yako

*

Tarehe 10 Juni

Dada,

Shikamoo. Mtoto ameanza kusimama kwa kushika meza. Wifi yako amebadilishiwa zamu, sasa tunapishana mlangoni kama wapangaji. Mwenye nyumba ameupaka rangi ule ukuta na sasa unatoka maji ya bluu.

Nimeandika barua hii mara kadhaa nikaichana. Ndiyo.

Nilijua. Gari lilikuwa halijaleta bandeji, kwa hiyo hakuna ambaye angeandikwa kabla ya siku ya Baba, na nilijua sanduku lenu limefikia wapi. Bahasha ya kumi na tisa ilikuwa ya kawaida. Ya ishirini ilikuwa mpya. Nilikaa na jambo hilo ofisini mpaka walinzi wakazima taa. Sikubadilisha bahasha hata moja, Dada. Sikuhonga mtu. Niliomba tu benchi lisogee nafasi moja. Ungekuwa wewe, ukiona mbele ya macho yako baba yako anakwenda kukanyaga shimo, ungefunga mdomo kwa kuwa sheria inasema mdomo ufungwe?

Sikukueleza kwa sababu ningekueleza ungekuwa na hatia pamoja nami. Nilitaka ubaki safi. Na nijibu hili, Dada mtakatifu: ningekuandikia wazi kwamba ya pili ndiyo mpya, ungefanya nini?

Nina maombi mawili. La kwanza, usimwambie Baba. La pili halihitaji ruhusa yako, nakujulisha tu. Namtoa Baba kwenye hesabu. Nitaandika kwamba alijitoa kabla ya matibabu kuanza. Siwezi kukaa hapa kila mwisho wa mwezi nikiona mguu wa baba yangu kwenye safu ya waliokatwa, kama gunia kwenye stoo. Hakuna atakayegundua. Ukinyamaza wewe, tumemaliza.

Mdogo wako

*

Tarehe 24 Juni

Mdogo wangu,

Hatujambo. Salamu zimeishia hapo.

Umeniuliza ningefanya nini. Ningemwacha fundi viatu atangulie. Ningemshika Baba bega, ningemwambia akae kidogo aniangalizie mkoba, na fundi angeingia akicheka. Ningelala usingizi usiku ule. Sasa nimekujibu, na nakuchukia kwa kunifanya nilijue hilo kuhusu nafsi yangu. Nilikuwa naishi vizuri bila kulijua. Kwenye benchi lile namjali kila mtu sawa mpaka ninapoambiwa ni yupi wa kupona, na ndiyo maana hatukupaswa kuambiwa. Wewe ndiye uliyenieleza hivyo, tena kwa kunidhihaki na paka.

Na usiniambie ulitaka nibaki safi. Ulitaka kazi yako ibaki. Ungetaka nibaki safi usingeandika chochote.

Ombi la kwanza nimelikataa. Barua yako nilimsomea Baba jana, yote, pamoja na ule ukuta wa bluu. Alikuwa amekaa mlangoni. Nilipomaliza alitaka nirudie ile sehemu ya bahasha mbili, nikairudia.

Akaniuliza, "Kwa hiyo ningempisha yule fundi, mguu ungekatwa wake?"

Nikamwambia hatujui. Vidonda havifanani, cha fundi kilikuwa kisiginoni na sukari yake haipandi kama ya Baba. Labda.

"Labda," akasema. "Na huyu mtoto alitaka nimpishe huku nacheka naye."

Akawa anakuna hewa pale mguu ulipokuwa. Kisha akasema, nami naandika kama alivyosema: "Mwambie angeniuliza, ningekubali. Nilikuwa naogopa sana siku ile. Ndiyo maana nimemkasirikia."

Nikamsomea tena ile sehemu ya kumtoa kwenye hesabu. Hapo ndipo alipopaza sauti mpaka jirani akachungulia. "Asinitoe! Mguu wenyewe wameshautupa, sijui hata wameutupa wapi. Umebaki kwenye hizo hesabu zao tu."

Umesikia? Usimguse. Bahasha ya Baba ilifunguliwa kwa zamu yake, mbele ya aliyemfuata, na hakuna aliyeisogeza, kwa sababu mimi nilikukatalia bila kujua nakukatalia nini. Si kwa wema wangu. Kwa hasira yangu tu. Lakini ni safi, na itahesabiwa.

Sasa nenda kwa wakubwa wako ukaseme. Kwa mdomo wako, si kwa barua, wewe barua unazijua kuzipindisha. Uwaambie unajua mpangilio wa kila kliniki, na kwamba ulijaribu kuutumia. Nakupa mpaka mwisho wa Julai. Baada ya hapo nitawapelekea kibarua chako cha Februari mimi mwenyewe.

Dada yako

*

Tarehe 30 Julai

Dada,

Shikamoo.

Nimesema. Niliingia ofisini kwa mkubwa wangu, akadhani nimekuja kuomba likizo, akaanza kunitania kuhusu usingizi na mtoto mchanga. Nilipomaliza hakuna aliyekuwa anatania. Walinivua funguo pale pale. Bahasha zilizobaki kwenye kliniki zote zimerudishwa na kuchomwa, na mpangilio mpya unafanywa na mtu wa nje ambaye hamjui yeyote kati yetu. Hata yeye hazioni tena akishazifunga. Ningefanya hivyo tangu mwanzo, nisingekuwa na kitu cha kujua. Lakini nilipenda kujua. Nilipenda kuwa huyo mtu mmoja.

Baba hajatolewa. Walikaa, wakapitia kila jina la kliniki yenu, wakaona hakuna kilichosogezwa. Anahesabiwa.

Mimi wameniweka stoo. Nahesabu glavu. Wenzangu wakipita wanainamisha vichwa kama wanapita msibani. Wifi yako haongei nami, anasema ningemwambia kabla. Umefurahi? Sema kweli. Umenivua nguo mbele ya watu, na umetumia mdomo wa Baba kufanya hivyo. Nilichotaka mimi ni mguu wake. Wewe ulitaka kushinda.

Nitakuambia kitu kimoja ambacho sikuwaambia wakubwa. Mpaka leo hakuna anayejua bandeji ipi ni bora. Nusu ya wagonjwa bado hawajamaliza. Fundi viatu mmoja na Baba mmoja hawathibitishi chochote, ningemfukuza mwanafunzi darasani kwa kusema vinginevyo. Na bado siku ile nilikuwa na hakika. Nilikutupia barua ile kama mtu anayerusha kamba mtoni. Sikuwa na hakika ya kitu chochote, nilikuwa namtaka Baba tu.

Anaendeleaje? Hujaniandikia.

Mdogo wako

*

Tarehe 23 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba.

Shemeji yako amepoteza filimbi na wamemkata mshahara. Yule wa kati amepita mtihani, hakuna anayeelewa kwa vipi. Muuza mkaa alirudi kliniki, kidonda kimepungua, akaniamkia kana kwamba hatujawahi kukosana. Mimi nimekonda.

Umeniuliza kama nimefurahi. Siku barua yako ilipofika, ndiyo, nilifurahi. Ilikaa mpaka jioni. Kisha nilikufikiria uko stoo na glavu, nikakumbuka ulivyokuwa unahesabu punje za maharage mezani kabla ya kula, ukinuna kama sahani yangu imezidi. Nikalia kidogo. Halafu nikakumbuka "kiburi chako kimemla Baba mguu," nikaacha kulia. Neno hilo sijalisahau na usinisihi nilisahau.

Baba anauelemea mno mguu wa kushoto. Nimemkataza, hasikii, anafagia uwanja kwa fimbo moja na mkono mmoja. Ametoka kidonda kisiginoni. Huu ndio mguu aliobaki nao, sihitaji kukueleza. Sheria yenu inasema kidonda kipya kwenye mguu mwingine huandikwa upya kama mgonjwa akitaka. Nilimwambia hana haja, kwamba daktari anaweza kumtibu bila kura yoyote, kwamba hakuna atakayemlaumu. Nilimwomba, nikisema kweli. Akauliza kama wewe ndiye unayezifunga bahasha. Nikasema hapana, sasa hakuna anayejua. "Basi niandike," akasema.

Tulikwenda Jumanne. Tulichelewa, fimbo zinamchosha, kulikuwa na watu benchi zima. Wapo walionyanyuka kumpisha, mmoja akiwa fundi viatu, amekuja kuonyesha kovu lake. Baba alikataa. Alikaa mwisho, akangoja, watu wakaingia na kutoka. Mimi nilisimama nje mikono nyuma. Nilitamani kujua, mdogo wangu. Nilitamani kama wewe. Ningekuwa najua, ningemburuta kumpeleka mbele au kumrudisha nyumbani, moja kati ya hayo mawili.

Mwenzangu aliifungua bahasha, akasoma, akamfunga mguu. Baba ameona kilichomo. Nami nimeona. Fundi viatu naye anajua, maana Baba alimwambia kwa sauti ya kusikika mpaka dirisha la dawa.

Wewe hutaambiwa. Ukipiga simu sitapokea, na huko ofisini hawatakufungulia. Ukiniandikia nitakujibu salamu na mambo ya shule ya watoto. Baba amekubaliana nami, ndilo jambo la kwanza tulilokubaliana mwaka huu.

Bandeji inabadilishwa kila asubuhi. Ukitaka kujua ni ipi, njoo uifungue kwa mikono yako, uutazame huo mguu.

Dada yako